Mchanga wa Kwale, Mtungi wa Mülheim

Muhula uliopita, katika somo langu la historia ya viwanda, mwanafunzi mmoja kutoka Msambweni aliniuliza swali lililonishinda kulijibu papo hapo. Tulikuwa tukizungumzia kufungwa kwa machimbo ya titaniamu katika kaunti yake ya Kwale mnamo Desemba 2024, baada ya muda wa takriban miaka kumi na mmoja ambapo meli zilipakia mchanga mzito kule Likoni na kwenda zao. Akasema: “Mwalimu, tangu nikiwa mdogo nimesikia kwamba mchanga wetu ni mali. Huko ulikokwenda ulikwenda kufanya nini?”

Nilijibu kwa neno moja: rangi. Ni jibu la kweli. Sehemu kubwa mno ya titaniamu inayochimbwa duniani huishia kuwa unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, karatasi na dawa ya meno. Darasa likaendelea. Lakini niliporudi ofisini nilikalia kiti changu cha plastiki, na jibu langu likaanza kunisuta.

Kiti hicho ni cha polipropilini. Jerikeni la njano wanalotekea maji mama zetu, au dumu kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ni la polithini ngumu. Gunia jeupe la mahindi, lile lililofumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, ni polipropilini vilevile. Ni shida kuipata nyumba ya Afrika Mashariki isiyokuwa hata na kimoja kati ya vitu hivi vitatu, nasi tumevizoea hata tukadhani vimekuwapo siku zote. Havikuwapo. Plastiki za aina hiyo hazikujulikana kabla ya miaka ya 1950, na kilichozileta ulimwenguni ni chembe za metali: titaniamu, kromiamu, zirkoniamu.

Sidai kwamba kuna chembe ya Kwale ndani ya kiti changu; hilo hakuna awezaye kulithibitisha. Ninachodai ni kidogo zaidi, na pengine kizito zaidi. Mchanga ule wa Msambweni ulitoa ilmenaiti na rutaili, ambazo ni madini ya titaniamu, na zirkoni, ambayo ndani yake mna zirkoniamu pamoja na kiasi kidogo cha hafniamu. Metali hizo tatu ni za ukoo mmoja. Katika jedwali la elementi zimepangwa safu moja, moja chini ya nyingine, kama babu, mwana na mjukuu. Na sehemu kubwa ya historia ya plastiki ya miaka sabini iliyopita ni historia ya ukoo huo. Tulikuwa tumeikalia historia hiyo, kisha tukaiuza kwa tani.

Kabla ya kusonga mbele, niseme kidogo juu ya neno lenyewe. Wataalamu wa lugha yetu walifanya jambo jema walipoiita dawa ya namna hii “kichocheo”. Anayechochea moto si kuni wala si chungu. Huusogeza moto ukawaka, chakula kikaiva upesi, na mkono wake ukabaki ulivyokuwa. Ndivyo ilivyo kwa metali hizi: huharakisha na kuelekeza muungano wa kemikali bila zenyewe kutumika kama malighafi.

Lakini kwa plastiki, mfano unaonielea zaidi ni wa mwanamke wa pwani anayesuka ukili wa mkeka. Ukili haurefuki kwa kuongezwa kule ulikoanzia. Kila chane jipya la mnyaa huingizwa pale mkononi, kati ya vidole vya msukaji na kipande kilichokwisha sukwa, na kipande hicho husukumwa mbele. Atomu ya titaniamu ndiyo mkono. Gesi ya ethilini ndiyo machane. Kila molekuli ya gesi hujipenyeza kati ya metali na mnyororo uliokwisha kufanyika, nao mnyororo hurefuka kwa maelfu ya hatua za namna hiyo. Mkono ukiwa mzuri, ukili hutoka ulionyooka na kulala vizuri juu ya mwenzake. Plastiki inayopatikana huwa ngumu. Pasipo mkono, machane hujisuka ovyo, yakachipuza matawi kila upande, na plastiki ikawa laini.

Hiyo iliyosukwa bila mkono ndiyo iliyotangulia. Mnamo Machi 1933, huko Winnington nchini Uingereza, wakemia wawili wa kampuni ya ICI, Reginald Gibson na Eric Fawcett, waliibana ethilini ndani ya chombo cha chuma kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara elfu na zaidi. Walikuwa wakitafuta kitu kingine. Walikuta ute mweupe kama nta. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi mwaka 1939, vita vilipokuwa vinaanza, na polithini hiyo laini ikatumika kuzingira nyaya za rada. Ilikuwa plastiki iliyopatikana kwa nguvu za mabavu: mitambo mizito, kuta nene, hatari ya mlipuko. Kwa muda wa miaka 20 watu wengi waliamini kwamba njia nyingine haipo.

Njia nyingine ilitoka mahali ambapo mtu hangetarajia, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo kiini cha habari kilipo.

Katika mji wa Mülheim, kwenye bonde la Ruhr nchini Ujerumani, kuna taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe iliyoanzishwa mwaka 1912 kwa msaada wa mji wenyewe na wenye migodi. Sifa yake ya mwanzo ilitokana na Franz Fischer na Hans Tropsch, waliogundua katikati ya miaka ya 1920 jinsi ya kupata mafuta kutokana na makaa ya mawe, ujuzi ambao baadaye uliendesha magari ya jeshi la Hitler. Sisemi haya ili kuisafisha wala kuichafua taasisi hiyo. Nayasema kwa sababu mwaka 1943, katikati ya vita na chini ya utawala ule ule, taasisi ilimwita Karl Ziegler awe mkurugenzi, naye akaweka sharti. Hakujishughulisha na makaa ya mawe. Kazi yake ilikuwa misombo ya kaboni na metali, jambo lisilokuwa na faida yoyote ya wazi kwa mwenye mgodi. Alisema atakuja iwapo tu ataachiwa uhuru kamili wa kutafiti anachotaka katika uwanja mzima wa kemia ya kaboni, kihusiane na makaa ya mawe au kisihusiane. Wakakubali.

Mtumishi wa umma anayesoma hapa alisome tena sharti hilo. Wenye makaa ya mawe walimlipa mtu asiyeshughulika na makaa ya mawe.

Miaka tisa baadaye uhuru huo ulikuwa bado haujaleta senti ya kutajika. Ziegler na vijana wake walikuwa wakirefusha minyororo ya ethilini kwa kutumia misombo ya alumini, vimiminika vinavyoshika moto vikigusa hewa tu. Minyororo ilirefuka, lakini si sana. Mwishoni mwa 1952 mwanafunzi wake mmoja, Erhard Holzkamp, alifanya jaribio lililokwisha kufanywa mara nyingi, na safari hii likaharibika kabisa. Badala ya mnyororo mrefu alipata molekuli mbili tu zilizoungana. Katika maabara nyingi ninazozijua, jaribio hilo lingeandikwa “limeshindikana” na chombo kikaoshwa. Huko Mülheim walisimamisha kazi, wakatafuta chanzo cha kushindikana huko kwa majuma kadhaa. Wakakikuta katika chombo chenyewe: mabaki kidogo mno ya nikeli, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ndiyo yaliyoukata mnyororo.

Kutoka hapo likazaliwa swali ambalo, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya maswali mazuri ya karne ile: ikiwa nikeli hukata, metali nyingine hufanya nini? Wakaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine, wakilifuata jedwali la elementi kama karani anayepitia daftari la kodi. Mwaka 1953 Heinz Breil alifika kwenye zirkoniamu, na badala ya mnyororo kukatika, chombo kikajaa plastiki nyeupe. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Heinz Martin alijaribu titaniamu, katika umbo la kloridi yake, kimiminika kinachofuka moshi mweupe kikiwa wazi. Hapo haikuhitajika hata chuma kinene. Plastiki ilijitenga ndani ya mtungi wa kioo, wa aina ileile ambayo akina mama wa Kijerumani huhifadhia matunda, kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa tunayoivuta. Kitu ambacho Waingereza walikipata kwa mgandamizo wa mara elfu na zaidi, na kikatoka laini, vijana hawa walikipata katika chombo cha jikoni, nacho kikatoka kigumu.

Kimiminika hicho cha titaniamu ndicho kilekile ambacho viwanda vingi hukipitia vinapoigeuza rutaili kuwa unga wa rangi nyeupe. Jibu langu kwa yule mwanafunzi lilikuwa limesimama mlangoni mwa jibu jingine.

Yaliyofuata ni ya kisheria kuliko ya kikemia. Ziegler aliwasilisha ombi la hataza la polithini mwezi wa Novemba 1953. Akasahau jirani. Gesi ya propilini, ndugu wa karibu wa ethilini, haikulindwa ipasavyo katika ombi lile la kwanza. Na huko Milano alikuwako Giulio Natta, profesa aliyekuwa amemsikia Ziegler akihutubia Frankfurt mwaka 1952 na kuishawishi kampuni ya Montecatini ifunge naye mkataba. Montecatini walilipia haki za kutumia ujuzi wa Mülheim. Lakini kuna jambo jingine walilopata katika mapatano yale, nalo ndilo ninalotaka likae kichwani mwa msomaji: nafasi ya kupeleka Mülheim wakemia vijana watatu wakakae ndani ya maabara, wajifunze kwa macho na mikono yao.

Mwezi wa Machi 1954 Natta alikuwa tayari na polipropilini. Aliichunguza kwa miale ya eksirei akaona kwamba minyororo yake imepangika kwa utaratibu ambao hakuna aliyeutegemea: vitawi vyote vimeelekea upande mmoja, kama vipepeo vilivyotundikwa kwenye kamba moja. Neno la kuuita utaratibu huo alipewa na mkewe, Rosita Beati, msomi wa fasihi, aliyeliunda kutokana na Kigiriki. Nawakumbusha wanafunzi wangu wa lugha, ambao huambiwa kila siku kwamba masomo yao hayana soko, kwamba jina la mpangilio wa polipropilini yote duniani lilitungwa na mwenzao. Ziegler aliona kwamba amezungukwa, na urafiki wao uliingia ufa. Mwaka 1963 walisimama pamoja Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya kemia. Holzkamp, Breil na Martin hawakuwa jukwaani.

Wala Wazungu hao wa Ulaya hawakuwa peke yao. Mwaka 1951, huko Bartlesville katika jimbo la Oklahoma, Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips walikuwa wakijaribu kuyageuza masalia ya gesi kuwa petroli. Walipoongeza kromiamu katika kichocheo chao, walipata kitu cheupe kigumu ambacho hawakukiomba. Kampuni yao iliiacha petroli na kukimbilia plastiki. Mwanzoni bidhaa ilikuwa na kasoro, ikajaa maghalani, hata ilipozuka Marekani mwaka 1958 ile homa ya watoto kuzungusha pete kubwa za plastiki viunoni; mchezo huo uliyanunua maghala yote. Ndivyo historia ilivyo, haioni haya. Phillips walipeleka ombi lao la hataza ya polipropilini mwaka 1953, mahakama zikajadili nani alitangulia, na hataza yenyewe ikatolewa Marekani mwaka 1983. Miaka 30. Mwanasheria aliyeanza kesi hiyo akiwa kijana angeweza kuimaliza akiwa babu.

Kwa nini watu wapigane miaka 30? Kwa sababu ya mrabaha. Taasisi ya Mülheim ililipwa na viwanda vya dunia nzima kwa ajili ya haki ya kutumia ujuzi ule, na fedha hizo ziliihudumia kwa takriban miaka 40. Mji uliokaa juu ya makaa ya mawe ukaishi kwa kitu kilichotoka kichwani mwa watu waliokatazwa kushurutishwa kuyafikiria makaa ya mawe. Migodi ya Ruhr imefungwa yote. Wa mwisho ulifungwa Desemba 2018. Taasisi bado ipo.

Nasi tunavyo vyetu vilivyofungwa. Katika mijadala yote niliyoifuata juu ya Kwale, barazani na magazetini, ugomvi ulihusu mambo matatu: fidia ya mashamba na minazi, ajira za wenyeji, na mgao wa mrabaha, ambao Sheria ya Madini ya 2016 imeupanga kuwa asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Yalikuwa madai ya haki, na sipunguzi uzito wa hata moja. Waliopoteza mnazi uliopandwa na babu hawahitaji mihadhara yangu ya kemia. Lakini siku hizo zote sikusikia mtu akiuliza swali la Montecatini: ni vijana wetu wangapi watakaa ndani ya maabara ambamo mchanga huu unageuka kuwa kitu kingine, kwa miaka mingapi, na wakirudi watakuta meza gani? Sikulisikia, wala mimi mwenyewe sikuliuliza. Nilikuwa nikiandika makala juu ya asilimia.

Kuna jibu jepesi ambalo wanaharakati wenzangu hulipenda, nami nililipenda zamani: tungejenga kiwanda chetu cha kuchakata, tusiuze udongo mbichi. Ni jibu zuri kwa madini mengi. Kwa jambo hili halitoshi. Katika plastiki, metali yenyewe huhitajika kwa kiasi kidogo mno. Gramu moja ya kichocheo cha kisasa cha titaniamu huzaa plastiki kwa makumi ya kilo na zaidi, hata mabaki yake huachwa humohumo kwa kuwa hayana maana. Hata tungekuwa na kiwanda, titaniamu ya vichocheo vya dunia nzima ingekuwa kijisehemu tu cha mzigo wetu. Thamani imekaa katika kujua ni metali ipi, imezungukwa na nini, juu ya punje ya umbo gani. Hiyo ndiyo inayouzwa kwa leseni.

Ndugu zetu wa Kongo wanaweza kutoa ushahidi. Chupa ya maji ya kunywa hutengenezwa kwa plastiki nyingine, na mojawapo ya malighafi zake kuu hupatikana kwa kichocheo chenye kobalti, metali ambayo Kongo inaongoza ulimwenguni kwa kuichimba. Vita vya Shaba mwaka 1978 viliipandisha bei ya kobalti kwa kishindo. Je, wanunuzi waliipigia magoti Shaba? Walirudi maabara. Wengine walijifunza kutumia kidogo, wengine kuirejesha na kuitumia tena, wengine kuikwepa. Mwenye metali alikuwa na bei kwa msimu mmoja. Mwenye maabara alikuwa na njia ya kutokea.

Na maabara hazijalala. Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Hamburg, Walter Kaminsky na Hansjörg Sinn waligundua kwamba maji kidogo, ambayo kila mkemia wa fani hiyo aliyaogopa kama sumu, yalikuwa yameigeuza misombo ya alumini kuwa mshirika mpya. Pamoja na zirkoniamu, kikapatikana kichocheo chenye nguvu isiyowahi kuonekana. Tena ajali, tena mtu aliyesimama kuuliza. Mwaka 1998 Maurice Brookhart huko North Carolina na Vernon Gibson huko London (Gibson mwingine, si yule wa 1933), kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba hata chuma, metali ya jembe na sufuria, kikivikwa vazi linalokifaa husuka polithini kwa kasi ya ajabu. Na mwaka 2017 kundi la Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzao wa Minnesota, walitumia kichocheo cha hafniamu, yule mjukuu, kutengeneza minyororo yenye vipande vya polithini na polipropilini kwa zamu. Plastiki hizo mbili zikiyeyushwa pamoja hazishikani, na hiyo ni sababu mojawapo ya taka zake kuwa ngumu kurejelezwa. Kiasi kidogo cha mnyororo huo mpya huzigundisha.

Nilipoisoma habari hiyo ya mwisho nilicheka peke yangu, kicheko kisicho cha furaha. Mwaka huohuo wa 2017, tarehe 28 Agosti, nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Niliiunga mkono sheria hiyo na bado naiunga mkono. Mifereji ya Mombasa ilikuwa imezibwa koo. Lakini tazama tulivyosimama. Mwaka mmoja, meli za Likoni zinaondoka na mchanga wenye zirkoni, ambayo ndani yake mna hafniamu. Polisi wanamkamata mama wa sokoni kwa sababu ya mfuko. Na mahali pengine, mtu mwenye kiasi kidogo cha hafniamu anatafuta jinsi taka hizohizo zitakavyofaa tena. Tulikuwa na mwanzo wa mnyororo na tulikuwa na mwisho wake. Katikati hatukuwamo.

Nitaambiwa kwamba utafiti wa namna hiyo ni anasa. Niliwahi kuketi katika kamati ya kugawa fedha za utafiti, sitasema wapi, ambapo mwenzangu wa kemia aliomba vifaa vya kuchunguza misombo ya metali. Fomu ilikuwa na safu iliyoandikwa “matokeo yatakayopatikana ndani ya miezi 12”. Aliandika kwa uaminifu kwamba hajui. Ombi lake halikufika raundi ya pili, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono. Siku hizo sikuijua habari ya Holzkamp na chombo chake kichafu.

Yule mwanafunzi nilimwita nikamsimulia haya yote. Alisikiliza, kisha akanikumbusha kitu nilichokisahau: kwamba katika kaunti yake hiyohiyo kuna Mrima, kilima chenye msitu wa kaya ambao Wadigo wanautunza tangu enzi za mababu, na chini yake mna niobiamu na madini adimu ambayo mataifa makubwa yanayamezea mate. Miongoni mwa madini adimu kuna neodimiamu. Watu wengi huijua kwa sumaku. Nilipouliza idara ya kemia nikaambiwa kwamba ni kichocheo pia: mpira wa bandia unaotiwa katika matairi ya magari husukwa kwa misombo yake, kwa mtindo uleule ulioanzia Mülheim.

Kama kilima kile kichimbwe au kisichimbwe, hilo ni la wenye kaya kulisema kwanza, na wana sababu za kukataa. Lakini iwapo siku moja watakuwapo watu mezani na mkataba mbele yao, nisingependa tuingie tena na asilimia peke yake. Nilimwomba yule mwenzangu wa kemia, ambaye ukarimu wake kwangu siustahili, aniandikie angeomba nini. Aliandika juu ya bahasha, kwa haraka, akiwa anakwenda darasani: nafasi kumi za shahada ya uzamivu katika maabara za mnunuzi, si za mchimbaji, nakala ya kila uchunguzi utakaofanyiwa mwamba wetu, na chumba kimoja chenye umeme usiokatika, bila safu ya miezi 12.

Bahasha hiyo ninayo mezani. Yule mwanafunzi ameipiga picha.